Kanuni za Uandishi na Mtunzi wa Hadithi: Namna ya Kuamua Ipi Uishike na Ipi Uivunje

Miaka kadhaa iliyopita mhariri mmoja alinirudishia hadithi fupi niliyoiandika, ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu karibu kila mahali ambapo wahusika walizungumza. Katika ukurasa wa pili, bibi mmoja wa Unguja anamwonya mjukuu wake kwa maneno haya: "N'shakwambia, mjukuu wangu, pwani saa hizi hakwendwi." Mhariri aliyakata, akaandika juu yake: "Nimekwisha kukuambia, mjukuu wangu, usiende pwani wakati huu." Sentensi yake haina kosa hata moja la sarufi, na mwalimu yeyote angeipa alama zote, lakini bibi niliyemjua mimi, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele huku jicho lake likiwa kwenye mlango wa uani, hakuwamo tena ndani yake. Nilikasirika, nikaisoma upya hadithi nzima nikitafuta hoja za kujitetea, na hapo ndipo nilipoona kwamba mimi mwenyewe, nikiwa msimulizi, nilikuwa nimeandika "nilifika" katika aya moja na "n'lifika" katika aya iliyofuata bila sababu yoyote. Mhariri angejuaje kwamba ritifaa (alama hii ya ') ya bibi ilikuwa ya makusudi na yangu ilikuwa ya uzembe?

Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Mtunzi wa hadithi huulizwa mara nyingi kama anapaswa kufuata kanuni za uandishi au kama sanaa inampa ruhusa ya kuzipuuza, na swali likiwekwa hivyo halimsaidii, kwa sababu vinavyoitwa "kanuni" ni vitu vingi visivyofanana kwa asili wala kwa uzito. Ninachopendekeza ni kwamba kila kanuni uiulize inamtumikia nani, na ukiamua kuivunja, uivunje kwa namna ambayo msomaji ataisikia kuwa ni sauti ya mtu na hataidhania kuwa ni kosa.

Ujue kanuni imetoka wapi

Tahajia tunayofundishwa shuleni ina tarehe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza, na mwaka 1930 kamati ya lugha iliyoundwa kwa ajili hiyo ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia, kuandaa kamusi na kukagua maandishi. Baada ya Uhuru, Tanzania ililianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Kwa hiyo kanuni ya kuandika "nimekwisha kukuambia" ni uamuzi wa watu, uliofanywa kwa sababu za kueleweka: mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lamu waweze kusoma kitabu kimoja. Sioni sababu ya kuudharau uamuzi huo, kwani ndio unaomwezesha mtunzi wa Pemba kusomwa Bukavu. Hata hivyo, inafaa ukumbuke kwamba yule bibi wa hadithi yangu alikuwa akizungumza Kiunguja kilekile kilichotoa msingi wa Kiswahili sanifu, na bado mdomo wake ulionekana una makosa. Usanifu ulichukua maumbo machache kutoka katika kinywa chake, na mengine ukayaacha barazani.

Upatanisho wa ngeli ni jambo la aina nyingine. Hakuna ofisi iliyoubuni. Mtoto mdogo ambaye hajui kusoma husema "kiti kimevunjika" bila kufundishwa na mtu, na akisikia "kiti imevunjika" hugeuka kumtazama msemaji. Kanuni ya namna hii inabeba maana yenyewe ya sentensi, kwa sababu katika Kiswahili kiambishi ndicho kinachomwambia msomaji ni nani aliyetenda, ni nini kilichotendwa, na kile kinachotajwa mistari mitatu baadaye kwa "kile" au "lile" ni kipi. Ukiivuruga katika usimulizi, msomaji hapati ladha mpya, anapotea njia. Ukiivuruga katika kinywa cha mhusika mmoja, unatoa habari juu ya mahali alipokulia, na hilo nitalirudia.

Halafu zipo kanuni ambazo si za sarufi hata kidogo, bali ni mazoea ya utanzu: hadithi ianze wapi, msimulizi ajitokeze kiasi gani, mwisho ufungwe au uachwe wazi. Na zipo kanuni za ugenini, ambazo zimeingia katika madarasa na warsha zetu kutoka katika miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Hizi za mwisho ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa kuwa waandishi wetu chipukizi huzishika kwa uaminifu mkubwa kuliko zile za sarufi.

Kanuni za ugenini uzipime kwa mizani ya Kiswahili

Chukua ile amri ya kuepuka vielezi. Katika lugha ilikotoka ina mantiki yake, kwani kule vielezi vingi huzalishwa kwa kuongeza kiambishi kimoja mwishoni mwa kivumishi, na mwandishi mvivu hukibandika kila kitenzi. Kiswahili hakina ugonjwa huo kwa sura hiyo. Sisi tuna tanakali za sauti na viigizi, navyo ni nusu ya uhai wa masimulizi yetu: giza totoro, kulala fofofo, kutumbukia majini chubwi, kuanguka pu, nguo nyeupe pepepe. Msimulizi wa ngano akinyimwa "chubwi" atalazimika kueleza kimo cha mtu, kina cha maji na sauti iliyosikika, na atakapomaliza kueleza mtu yule atakuwa ameshazama. Kwa hiyo usivifute vielezi kwa sababu umeambiwa uvifute. Vitazame kimoja kimoja: "alisema kwa hasira" mara nyingi ni dalili kwamba maneno ya mhusika hayana hasira ya kutosha, na hapo tengeneza maneno, lakini "alinyamaza ji" hakuna kitu cha kutengeneza, kwa sababu "ji" ndiyo picha yenyewe. Tahadhari moja tu: viigizi vingi vimeshikamana na kitenzi au sifa moja kwa karne nyingi, na ukiviweka viwili katika aya moja vinaanza kugombana. Kimoja katika ukurasa kinatosha kuuamsha.

Amri ya pili ni ile ya kuepuka kauli ya kutendwa. Ninaomba kila mtunzi wa Kiswahili aikatae mpaka aichunguze, kwa sababu minyambuliko ya vitenzi ni utajiri ambao mwenye lugha nyingine angeutamani. Tunasema "amefiwa", na kwa neno hilo moja aliyebaki hai anakuwa ndiye kiini cha sentensi, huku kifo kikiwa jambo lililomjia. Tunasema "tulinyeshewa njiani", "nimeibiwa", "wamejiwa na wageni usiku". Ukiyageuza haya yote yawe ya kutenda kwa kuwa mwongozo fulani umesema kauli ya kutenda ina nguvu zaidi, utapata "mume wake alikufa", ambayo ni habari ya mume, ilhali hadithi yako ni ya mke.

Zaidi ya hapo, kati ya kutenda, kutendwa na kutendeka kuna hatima ya mhusika. Mtoto aliyeangusha sahani ya mama yake atasema "sahani imevunjika". Dada yake mwenye kisa naye atasema "ameivunja". Mgeni aliyekuwapo, asiyetaka kuingia katika ugomvi wa nyumba ya watu, atasema "imevunjwa" au atanyamaza. Herufi chache tu ndizo zinazobadilika, na kila badiliko linatuonyesha nani anaogopa, nani anashtaki na nani anajitoa. Mwandishi anayeshika kanuni ya kutenda peke yake amejitupia kisu chake mwenyewe baharini. Ndiyo maana sahihisho lililoniuma kuliko yote halikuwa la ritifaa, bali lile la "hakwendwi" kugeuzwa "usiende". "Usiende" ni amri ya bibi kwa mjukuu mmoja. "Hakwendwi" ni sheria ya mahali pale, ambayo bibi mwenyewe aliikuta na anaipokeza, na hadithi yangu nzima ilihusu mtoto anayeivunja sheria ambayo hakuna aliyewahi kumweleza imetoka wapi.

Ya tatu ni "onyesha, usieleze". Hii ni dawa nzuri kwa maradhi ya kweli, yaani tabia ya kumtangazia msomaji kwamba Fulani alihuzunika sana, alifurahi mno, alikuwa mtu mwema. Ila dawa haigeuki chakula. Fasihi yetu imelelewa na msimulizi anayesema "Paukwa!" na kungoja aitikiwe "Pakawa!", msimulizi anayejulikana yupo, anayeweza kuruka miaka saba kwa sentensi moja, kumgeukia msikilizaji na kumwambia jambo kwa kinywa chake. Kueleza ni haki yake. Kanuni ninayoifuata mimi ni kueleza kile ambacho hakuna anayekiamua, kama vile kupita kwa misimu, desturi za mji au historia ya nyumba, na kuonyesha pale mtu anapofanya uamuzi. Binti akikubali posa asiyoitaka, sitaki kuelezwa alivyojisikia. Nataka kuona alichofanya na mkono wake wakati wazee wakisoma Fatiha.

Hapa kuna mtego ambao miongozo ya ugenini haiwezi kuujua. Kiswahili kina nahau nyingi za mwili: moyo ulimpasuka, maini yalimkatika, roho ilimruka, alipigwa na butwaa. Zinafanana na kuonyesha kwa sababu zina moyo na maini ndani yake, lakini kwa msomaji wetu zimetumika mpaka zimekuwa kueleza kwa njia ya mkato. Zipekue katika rasimu yako na ubakize zile tu ambazo mhusika mwenyewe angezitamka.

Na methali je? Utaambiwa uziepuke kwa kuwa zimechakaa. Mimi nasema usiziandike nzima. Katika mazungumzo ya kweli mtu mzima huanza, "Mwana umleavyo…" na kuacha, kwa sababu mwenzake anajua kilichobaki, na uzito wote umo katika kile kisichotamkwa. Mwandishi anayeimalizia methali na kisha kuifafanua anamfanya msomaji wake mgeni katika lugha yake mwenyewe. Mpe mhusika mmoja nusu ya kwanza, na mpe mwingine nafasi ya kuimaliza, kuikataa au kuipindua.

Vinywa vya wahusika

Katika usimulizi wa nafsi ya tatu, pendekezo langu ni kushika Kiswahili sanifu kwa ukamilifu, tena kwa uangalifu kuliko unavyodhani ni lazima. Sababu yake si utii. Usimulizi ulionyooka ndio uwanja mweupe unaofanya kila rangi iliyowekwa juu yake ionekane: msimulizi anapoandika "nimekwisha kumwambia" bila kuteleza hata mara moja, "n'shakwambia" ya bibi inasikika papo hapo kuwa ni ya bibi. Hilo ndilo nililoshindwa kulifanya katika hadithi ile. Ukisimulia kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi wako ni mpakua samaki wa Pangani au kondakta wa matatu Nairobi, basi uwanja mzima ni wa rangi yake, na kazi inakuwa kubwa zaidi, kwani huruhusiwi kuiacha sauti hiyo hata pale unapotaka kueleza jambo ambalo yeye hana maneno nalo.

Unapoandika lahaja, usinakili kila sauti. Msomaji hasomi kwa masikio tu, anasoma pia kwa macho yaliyozoea maumbo ya maneno, na ukurasa uliojaa ritifaa na herufi zilizokatwa humchosha kabla hajamjua mhusika. Chagua alama mbili au tatu ambazo ni za mhusika yule na uzishike tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mzee wa Mombasa, "ndia" badala ya "njia" na namna yake ya kupanga sentensi vinatosha. Ukiongeza "ndoo" badala ya "njoo", hakikisha kwanza kwamba hakuna kisima wala bomba katika tukio hilo, maana msomaji wa Dodoma ataona chombo cha kuchotea maji. Kwa mama aliyekulia Lubumbashi, "batoto" ikija mara kwa mara katika kinywa chake tunajua yuko mbali na kwao. Kwa kijana wa Nairobi, "hiyo kitu yangu" inamweka mahali pake bila kuhitaji msamiati mzima wa Sheng, ambao unabadilika upesi kuliko kitabu kinavyochapishwa.

Uwe na dhamiri safi katika hili. Katika michezo yetu ya kuchekesha kuna mazoea ya zamani ya kumpa mtu wa bara, au mwenye duka wa Kihindi, upatanisho uliovurugika ili wasikilizaji wamcheke. Ikiwa mhusika wako anakosea ngeli, mpe pia sentensi ambayo hakuna mwingine katika hadithi angeweza kuitamka kwa akili kama ile. Vinginevyo hujaandika sauti yake; umeandika kiburi cha wale wanaomsikiliza.

Kuhusu heshima na majina ya udugu, hapo sioni nafasi ya kuvunja bila gharama. Mjukuu akiingia na asiamkie, msomaji wa Kiswahili atangoja kujua ana nini: ana hasira, ni mgonjwa, au amelelewa na nani? Kwa hiyo ukiiacha "Shikamoo" kwa sababu unataka tukio lianze haraka, umeanzisha swali ambalo hadithi yako haitalijibu. Ukiiacha kwa makusudi, umepata tukio zima kwa bei ya neno moja.

Nyakati za vitenzi

Tulifundishwa kwamba masimulizi hufunguliwa kwa "-li-" na kuendelezwa kwa "-ka-", na kanuni hiyo imekaa vizuri sana. "Mwanaidi alifika bandarini alfajiri, akaketi juu ya kreti tupu, akafungua pindo la khanga, akahesabu fedha, akazifunga tena." Kila "-ka-" inakishika kitendo kilichotangulia kama ushanga unavyoushika mwenzake katika uzi, na msomaji hahitaji kuambiwa "kisha" wala "baada ya hapo". Jizoeze kwanza kuusuka mnyororo huu mpaka uweze kuuendesha kwa sentensi ya maneno 40 bila msomaji kupoteza pumzi, kwa sababu kuuvunja kuna nguvu pale tu ambapo ulikuwa ukisikika.

Sasa tazama unavyovunjika. Mwanaidi amekwisha kuzifunga fedha zake, tungeweza kuendelea, "akasimama, akatazama baharini, akaliona jahazi la mumewe, akatambua kwamba tanga si lile aliloondoka nalo." Hakuna kosa, lakini habari mbaya imeingia kwenye foleni pamoja na kuketi na kuhesabu, na ina uzito uleule. Iandike hivi: "Akasimama. Jahazi linaingia. Tanga silo." Wakati umegeuka kutoka "-ka-" kwenda "-na-" bila kuomba ruhusa, kisha sentensi ya mwisho haina kitenzi kabisa, na mwalimu wa insha angeziwekea zote mbili alama. Zinasimama kwa sababu zimefika mahali ambapo muda wa Mwanaidi wenyewe umesimama, na kwa sababu mara tu baada yake utarudi kwenye mnyororo. Ukifanya hivi mara moja katika sura, msomaji atashtuka pamoja na mhusika. Ukifanya kila ukurasa, atazoea, na siku utakapomhitaji ashtuke hutakuwa na kitu mkononi.

Siku hizi wengi huandika hadithi nzima kwa "-na-", wakiamini kwamba wakati uliopo unaleta uhai. Jaribu ukipenda, lakini ujue unachokitoa. "Anaketi, anafungua, anahesabu, anafunga" ni picha nne zilizopangwa ukutani, kila moja na msumari wake, ambapo "-ka-" ilikuwa ikizivuta zote kwa kamba moja. Wakati wa "-a-", ule wa "asimama, atazama", ambao umebaki zaidi katika ushairi, katika vichwa vya habari vya magazeti na katika maongezi ya pwani, una wepesi ambao watunzi wetu hawajautumia vya kutosha katika nathari.

Kinachoondolewa kilikuwa kimebeba kitu

Anayetaka kuona kanuni ikivunjwa mbele ya hadhara nzima na aitazame historia ya ushairi wetu. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu alichokipa jina la Sheria za Kutunga Mashairi, kikiambatana na diwani yake, na neno "sheria" lilikuwa na maana yake kamili: vina na mizani ndivyo vilivyolifanya shairi liwe shairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yakawasha moto uliodumu kwa miaka mingi. Nimeyasoma mabishano hayo nikiwa upande wa mashairi huru, na bado naona kwamba wanamapokeo walikuwa na hoja ambayo wapinzani wao hawakuipa haki yake. Mizani na vina havikuwa pambo. Vilikuwa ndivyo vinavyoliwezesha shairi kughaniwa, kukumbukwa na asiyejua kusoma, na kujibiwa na malenga mwingine kwa bahari ileile. Ukiviondoa, lazima kitu kingine kibebe mzigo huo: takriri, taswira, mpangilio wa mistari, pumzi.

Mtunzi wa nathari achukue funzo hilohilo. Kezilahabi alipoziandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi fupi zilizouacha msuko tuliouzoea na kuingia katika ndoto na fumbo, alikuwa ameshaandika riwaya zinazosimulia maisha kwa mfuatano unaofuatika, kuanzia Rosa Mistika ya mwaka 1971. Alijua msuko unabeba nini, kwa hiyo alijua ni nini kingemkosa msomaji akiuondoa. Kabla hujaandika riwaya inayoanza mwisho na kurudi nyuma, iandike kwa ufupi, kurasa tano tu, kwa mfuatano wa kawaida. Kisha jiulize msomaji alikuwa akivutwa na nini katika kurasa hizo. Ikiwa alivutwa na hamu ya kujua litakalotokea, na wewe unamwambia mwisho katika ukurasa wa kwanza, ni hamu gani nyingine utakayompa?

Jambo jingine ni kumfundisha msomaji sheria ya kitabu chako mapema. Adam Shafi aliiita riwaya yake ya mwaka 1999 Vuta N'kuvute, na ritifaa ile imekaa jaladani, kabla ya sentensi ya kwanza. Msomaji ameshaonywa kwamba ataingia mahali ambapo watu husema kama wanavyosema. Katama Mkangi alilitunga jina Walenisi kwa kuunganisha "wale ni sisi", na anayeligundua hilo anajua kwamba maneno ya kitabu hicho yanahitaji kufunguliwa. Ukitaka kuacha alama za mtajo katika mazungumzo, ziache tangu mazungumzo ya kwanza. Anayekutana na mtindo mpya katika ukurasa wa 90 ataamini kwamba mchapaji amekosea.

Kabla ya kuipeleka hadithi

Andaa ukurasa mmoja ambao mimi huuita ukurasa wa makusudi, na uutume pamoja na muswada. Uandike ni nani anazungumza lahaja ipi na kwa alama zipi, mahali ambapo nyakati zinageuka kwa hiari yako, maneno usiyotaka yafasiriwe, na mambo mengine yote ambayo mtu makini angeyadhania kuwa makosa. Kazi ya kuuandika itakusaidia wewe kabla haijamsaidia mhariri, kwa sababu utakutana na mivunjo ambayo huwezi kuiandikia sababu hata ya maneno matano, nayo uisahihishe kimyakimya. Sikushauri utegemee sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa kitabu. Ikiwa neno la Kipemba halieleweki kutokana na tukio lililolizunguka, lirekebishe tukio.

Muulize pia mchapishaji mapema kama anaiwazia kazi yako kwa ajili ya shule. Soko la vitabu teule lina masharti yake, na mhariri anayewafikiria wanafunzi watakaofanya mtihani wa sarufi ana sababu halali ya kuilinda tahajia ya usimulizi. Ndani ya mazungumzo utapata nafasi kubwa zaidi, mradi usimulizi wako uwe safi.

Mwisho, mtafute mtu aliyezaliwa mahali unapopaandika, umwombe asome mazungumzo kwa sauti wewe ukiwa kimya. Usimweleze chochote. Pale ulimi wake unapokwama, weka alama. Pale anapobadilisha neno bila kujua kwamba amelibadilisha, andika neno alilolitamka, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Hadithi ya yule bibi niliifanyia haya yote. Nilinyoosha usimulizi wangu, nikaziondoa ritifaa zote zisizokuwa zake, nikamsomesha mwanamke mmoja wa Makunduchi, ambaye alipofika kwenye onyo lile aliinua mkono bila kukusudia, kama anayemzuia mtoto mlangoni. Muswada ulirudi kwa mhariri yuleyule pamoja na ukurasa wake wa makusudi. Alisahihisha mambo matatu, yote katika sentensi zangu mimi, na "hakwendwi" akaiacha mahali pake.